Mashini ishirini za kushona, na cheti cha nani?

Wiki iliyopita nilisema juu ya mbegu za mahindi, na mama wawili walinisimamisha njiani kuniambia nilikuwa mkali mno kwa wachuuzi. Nimewasikia. Leo wachuuzi wapumzike. Nina jambo la mabinti zetu, na naomba mlisome lote, ama msomewe lote, kwa sababu Jumamosi mtaulizwa kunyoosha mkono.

Wengi mmeshasikia habari yenyewe. Kuna shirika linalotaka kufanya kazi na ushirika wetu. Jina lake nitaliacha, mgeni hasemwi kabla hajakunywa maji. Wanaleta mashini ishirini za kushona, vitambaa, uzi, na mwalimu wa kulipwa kwa miezi sita. Wasichana arobaini watafundishwa. Mwisho kutakuwa na sherehe, picha, cheti kwa kila mmoja, na mashini moja kwa kila wasichana wawili. Sisi tunaombwa chumba, mlinzi wa usiku, na saini ya Mama Prezida kwenye karatasi za kurasa kumi na moja zilizoandikwa kwa Kifaransa.

Mashini moja kwa wasichana wawili. Ninyi mnaolea watoto wawili wenye sahani moja mnajua hiyo habari inaishaje.

Sisemi tukatae. Binti anayekaa nyumbani Luberizi bila masomo na bila kazi, sote tunajua nani anamzungukia jioni. Miezi sita ya kutoka asubuhi na kuwa na mahali pa kwenda ni kitu. Lakini nataka tufahamu hizi mashini zinatoka wapi. Sisemi kiwanda. Nasema wazo. Kwa nini kila anayekuja kutusaidia sisi wanawake huja amebeba cherehani? Na kwa nini cheti kinachotolewa siku ya sherehe hakifungui mlango wowote siku ya pili yake?

Mimi nami ninacho cheti cha namna hiyo. Kiko ndani ya sanduku, chini ya kikwembe cha harusi. Nilikipata miaka mingi iliyopita kwa mradi uliokuja, ukafundisha vizuri, ukaondoka. Mwalimu alikuwa fundi kweli, Mungu ambariki popote alipo, na mpaka leo naweza kukata suruali ya mwanaume bila kupima mara mbili. Baadaye nilisikia kituo kimoja kinatafuta mwalimu wa ushonaji. Nikavaa vizuri, nikapanda moto, nikaenda na cheti changu kwenye bahasha. Yule bwana alikitazama mbele, akakigeuza akatazama nyuma, akaniuliza: mama, muhuri wa serikali uko wapi? Nikamwonyesha alama ya mradi, yenye rangi nzuri. Akanirudishia cheti kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, na ile heshima ndiyo iliyoniuma.

Hakuniomba nishone hata kitufe.

Basi turudi nyuma kidogo, kwa sababu hili halikuanza na mimi. Vuka mto Ruzizi, nenda Bujumbura, ambayo zamani za Wabelgiji iliitwa Usumbura. Huko, kuanzia 1946 mpaka 1960, kulikuwa na nyumba ya wanawake iliyoitwa Foyer Social. Zilikuwepo na Kongo pia, katika miji mikubwa, lakini hiyo ndiyo iliyokuwa karibu na bibi zetu. Wanawake walifundishwa kushona, kufuma, kupiga pasi, kupika, kuogesha mtoto mchanga. Walimu wa Kizungu walikuwa wakipita mpaka manyumbani kuona kama somo limefika jikoni. Mnaweza kucheka, lakini walijua wanachokitaka. Hawakutaka mwanamke apate mshahara wake. Walitaka mke safi wa karani, atakayemfanya mume wake atulie mjini na kwenda kazini na shati lililopigwa pasi. Na wakati huohuo, hapa uwandani, mama zao waliinama kwenye pamba. Sijawahi kusikia mzee yeyote akisema kwamba kulikuwa na darasa la kumfundisha mwanamke kusoma mzani wa pamba.

Na hata hao Wabelgiji hawakuwa peke yao katika mawazo haya. Mwaka 1920 na 1921 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika, ikapita na Kongo, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Mwafrika, Dr. James Aggrey wa Gold Coast, nchi inayoitwa leo Ghana. Tume hiyo ilisema Mwafrika afundishwe mambo ya mikono: shamba, afya, ufundi, nyumba. Kuna kitu cha kweli ndani yake. Lakini mtoto wa kiume alipewa randa na nyundo, wa kike akapewa sindano, na mgawo huo umedumu kuliko serikali zote zilizopita. Nikiziona zile mashini ishirini kwenye karatasi, nawaona wale walimu wa Usumbura wamesimama mlangoni.

Sasa upande wa nchi yenyewe. Baada ya uhuru, tarehe 29 Juni 1964, serikali iliunda INPP, taasisi ya taifa ya kuandaa watu kwa kazi. Mlango wake kwetu uko Bukavu. Walioiunda walifikiri vizuri jambo moja: itakula nini? Wakasema waajiri watoe mchango kufuatana na mishahara wanayolipa. Kampuni yenye wafanyakazi wasiozidi 50 hutoa asilimia 3, yenye 51 mpaka 300 hutoa 2, na yenye zaidi ya 300 hutoa 1. Maana yake fundi anafundishwa kwa pesa ya yule atakayemhitaji. Mimi napenda hesabu ya namna hii, inafanana na AVEC zetu: anayekula ndiye anayechanga.

Lakini tazama uwanda wetu. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama mwaka 1996 vita vilipokuja, na mnajua wenyewe ni vijana wangapi walijifunza umakanika pale kwa kushikilia tochi tu, fundi mkubwa akifungua mashine. Ile ndiyo ilikuwa shule ya ufundi ya baba zetu. Ikizimwa, hakuna mwajiri wa kuchanga, na hakuna mashine ya kujifunzia. Hapo ndipo mgeni anakuwa baba na mama wa mafunzo. Hakulazimisha mtu. Alikuta kiti kitupu.

Na mgeni naye ana siku zake za kuja na siku zake za kuondoka. Wakubwa kati yetu wanakumbuka mwaka 1990, wanafunzi walipouawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi mwezi wa tano, na uhusiano wa Ubelgiji na Mobutu ukavunjika. Ushirikiano wao ukakatika. Mwaka uliofuata, Septemba 1991, wanajeshi wakapora Kinshasa, na wageni wengi waliokuwa wanafundisha na kutengeneza wakafunga mizigo. Atelye za shule za ufundi zikabaki na mashine bila vipuri, na walimu bila mshahara. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza cha umakanika mwaka ule alimaliza akiwa amechora mota ubaoni, hajawahi kuishika. Hakuna aliyetuuliza sisi wazazi juu ya ugomvi wa wakubwa, lakini sisi ndio tuliolipa minervali ya kuchora mota.

Waliporudi, walirudi na mambo makubwa. Japan, kupitia shirika lake JICA, ilijenga upya na kupanua vituo vya INPP vya Kinshasa na Lubumbashi na kuwaongezea walimu ujuzi. Benki ya Dunia mwaka 2015 ilikubali dola milioni 200 kwa ajili ya shule za sekondari na vyuo, na ndani yake mafunzo ya ufundi. Wabelgiji, ambao shirika lao tangu 2018 linaitwa Enabel, walikuwa na programu za elimu ya ufundi zenye majina kama ya watoto mapacha: EDUKAT ya Katanga, EDUMOSU ya Mongala na Sud-Ubangi, EDUT ya Tshopo, EDUKOR ya Kasai. Mnasikia Kivu hapo? Mimi sikuisikia.

Pamoja na pesa walikuja na namna mpya ya kufundisha, na hapa ndipo mageuzi yenyewe yalipo. Inaitwa mafunzo kwa umahiri. Mizizi yake iko Kanada, hasa upande wa Quebec, na ilitembezwa katika nchi zetu zinazosoma Kifaransa na ushirika wa Francophonie. Nitawaeleza inavyofanya kazi, maana si kitu cha kuogopa. Kwanza wanaita mafundi wenyewe na waajiri, wanawauliza: mshonaji mzuri anafanya nini kuanzia asubuhi mpaka jioni? Anapokea mteja, anapima, anakata, anaunganisha, anapiga pasi, anahesabu faida, anatengeneza mashini ikikwama. Kila kazi inageuka somo. Na mwanafunzi hafaulu kwa kukariri, anafaulu kwa kufanya mbele ya mtu. Kama hawezi kupima bega, anarudi kwenye bega, haendi mbele.

Mama yangu hakusoma hata siku moja, lakini ndivyo alivyotufundisha. Hakuniuliza bugali ni nini. Alinipa mwiko, akasema songa nione. Likiwa na mabonge, nilisonga tena kesho.

Kwa hiyo siwalaumu waliotuletea namna hii. Ni bora kuliko mota ya ubaoni. Swali langu ni moja tu: waliitwa mafundi gani? Kipimo cha fundi kikiandikwa kwa kuuliza kampuni za migodi na viwanda vya miji mikubwa, kitawafaa wa huko. Hapa kwetu fundi ni yule mtu wa dekortikeze, anayekaa na mashine ya kukoboa mpunga iliyofungwa kamba na mpira wa baiskeli, na bado inakoboa. Ni mama anayejua lini samaki wa Uvira wakauke kwa jua na lini kwa moshi. Ni kijana anayefunga pano za jua juu ya paa la mabati. Nani aliwauliza hao wanafanya nini asubuhi mpaka jioni?

Mtaniambia serikali ina mpango. Ndiyo, unao. Kuna sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014, inayotaja na mafunzo ya nje ya shule, na kulikuwa na mkakati wa elimu na mafunzo wa miaka 2016 mpaka 2025. Niwaambie huo mkakati uliandikwa kwa sababu gani, kwa upande mmoja. Kuna mfuko wa dunia wa elimu, wa nchi nyingi pamoja, na nchi inayotaka pesa yake lazima ionyeshe mpango wake wote umeandikwa. Ni kama AVEC: unataka mkopo, eleza mradi wako. Hakuna ubaya. Lakini sote tumekaa kwenye kikao cha AVEC na kumwona mama fulani, ambaye anataka pesa ya msiba, akisimama na kusema anafungua biashara ya ndakala, kwa sababu anajua komite inapenda biashara ya ndakala. Nchi nazo hufanya hivyo. Anayeomba hujifunza maneno yanayompendeza anayetoa, na siku moja anajikuta ameandika mradi wa mwingine kwa mkono wake mwenyewe.

Na bado, mpango huo ulikuwa na kitu tunachoweza kukishika kwa mikono miwili. Ulikubali kwamba mafunzo ya vijana walioacha shule ni sehemu ya elimu ya nchi, si sadaka. Shida ni kwamba nyumba moja ina wapishi wengi. Shule za ufundi ziko chini ya wizara ya shule. Kuna wizara ya mafunzo ya ufundi. Vituo vingi vya wasichana walioacha shule viko chini ya Mambo ya Jamii. Kila mmoja ana karatasi yake na muhuri wake, halafu mashirika nayo yanakuja na ya kwao, yenye rangi nzuri zaidi. Mama mmoja wa kwetu aliniandikia mwezi uliopita. Binti yake alifundishwa useremala, ndiyo, useremala, na anafanya vizuri. Alipotaka kuendelea mbele mjini aliambiwa aanze tena mwanzo, kwa sababu miezi aliyofanya haiko katika kitabu chochote cha serikali. Mama anauliza: je, mtoto wangu alikuwa anacheza?

Hakucheza. Alijifunza. Lakini hakuna aliyekubali kuandika.

Hapa nataka tutazame upande wa ziwa. Tanzania ilitunga sheria ya VETA mwaka 1994, na wafadhili hawakukosekana, Wadenmark wakiwa mmojawapo. Nao wana mchango wa waajiri kama INPP. Lakini kuna kitu walichokifanya ambacho nakionea wivu, na wamekipa jina la Kiswahili: kurasimisha ujuzi. Mtu aliyejifunza kazi barabarani au kwa baba yake, hana cheti, anaitwa, anaonyeshwa kazi, anafanya mbele ya wapimaji. Akiwa na pengo anaongezewa somo la pengo lake tu. Kisha anapewa cheti cha VETA, chenye nguvu sawa na cha nchi. Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, liliwasaidia kukianzisha. Mnaona tofauti? Mgeni alisaidia, lakini muhuri ni wa mwenye nyumba. Mgeni akiondoka kesho, fundi wa uashi wa Kigoma bado ana karatasi inayosomeka.

Na jingine: kozi fupi nyingi za kule zinafundishwa kwa Kiswahili. Kina mama waliokaa kambi ya Nyarugusu wanajua ninachosema. Kwetu, Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, na fundi anafundisha kwa Kiswahili, na mwanafunzi anaelewa kwa Kiswahili, lakini mtihani na karatasi vinageuka Kifaransa siku ya mwisho. Binti anayejua kushona gauni lote anashindwa kwa sababu hajui kuandika jina la ukosi. Hilo halikuletwa na mzungu wa leo. Hilo tunaweza kulitengeneza wenyewe, na halihitaji dola hata moja.

Tangu Julai 2022 nchi yetu ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ndani ya jumuiya hiyo kuna makubaliano ya soko la pamoja yanayosema nchi zitambuane vyeti vya elimu na vya kazi. Mabinti zetu watavuka. Wengine wameshavuka. Wakifika Kigoma au Bujumbura na cheti chenye alama ya mradi uliokwisha, watapigiwa magoti kama mimi nilivyopigiwa, kwa mikono miwili.

Kuna mtu atasema nadharau mashirika. Sivyo. Bukavu, Women for Women International imekuwa ikifanya kazi tangu 2004. Mwanamke anakaa mwaka mzima, anajifunza ufundi pamoja na afya, haki zake, na kuweka akiba. City of Joy ilifunguliwa 2011 kwa wanawake waliotendewa ukatili. Kuna wanawake wa uwanda huu waliotoka katika nyumba za namna hiyo wakiwa wamenyooka mgongo, na hicho hakipimwi kwa muhuri. Mwanamke aliyevunjwa hahitaji kwanza cheti, anahitaji kwanza watu. Lakini mabinti arobaini wa Jumamosi si hao, au si wote. Wengi wao wanataka kitu kimoja rahisi: kazi inayolipa.

Na ushonaji utawalipa? Juzi nilitembea kutoka barabara kubwa mpaka sokoni nikihesabu mashini za kushona zilizo barazani. Nilipofika kumi na saba niliacha kuhesabu, miguu ilikuwa inauma. Mwezi wa tisa wana kazi, shule zikifunguliwa kila mtu anataka nguo ya bluu na nyeupe. Desemba wana kazi. Miezi mingine wanashona viraka na kupiga soga, kwa sababu nguo za balo zinauzwa bei ambayo hata uzi haununui. Tukiongeza wasichana arobaini juu ya hao kumi na saba, tutakuwa tumegawa umaskini wa mafundi waliopo. Nao ni watoto wetu vilevile, na mmoja wao ndiye anayenishonea.

Kwa hiyo Jumamosi mimi nitaomba neno, na nitasema hivi. Tuwaombe wageni mashini kumi badala ya ishirini. Pesa ya zile kumi nyingine inunue vyombo vya kufungua na kutengeneza: dekortikeze, mashine ya kusaga, pano za jua, simu, na cherehani zenyewe. Hebu fikirini, mashini kumi na saba barazani, na ikiharibika moja inabebwa juu ya moto mpaka Uvira. Kwa nini msichana wa Luberizi asiwe ndiye anayeitengeneza? Kuna watu watasema msichana hawezi kupaka mafuta mikono. Hao hao wanatutuma kuchota maji na kubeba gunia la mihogo mgongoni, hapo hawaoni kwamba ni kazi ya nguvu.

Nitaomba pia kwamba kabla ya saini, mtu wetu mmoja na mtu wao mmoja waende Bukavu, wapige hodi kwenye wizara inayohusika na INPP, waulize ni programu gani ya serikali inayofuatwa, nani atakuja kupima wasichana mwezi wa sita, na gharama yake ni ngapi. Gharama hiyo iingie katika karatasi ya mradi kama uzi na vitambaa vilivyoingia. Kama wana pesa ya mpiga picha, wana pesa ya mtahini. Wakisema haiwezekani kwa miezi sita, basi wafundishe wasichana ishirini kwa mwaka mzima. Najua kwamba ishirini haipendezi katika ripoti kama arobaini. Huko ripoti inakosomwa hawatujui, na mwaka kesho watakuwa wanasoma ripoti ya nchi nyingine.

Kuna mambo madogo pia. Kati ya wasichana hao wengine wana watoto wanaonyonya. Kuwe na pembe ya chumba na mama mzima wa kuwashika, la sivyo nusu watakuwa wameacha mwezi wa pili, na tutasema hawana bidii. Zile kurasa kumi na moja zisomwe kwa Kiswahili mbele yetu sote kabla Mama Prezida hajashika kalamu. Mwalimu wa shule ya hapa amekubali kuzisoma bure, tumpe hata kuku. Na iandikwe wazi mashini ni za nani mradi ukiisha. Tuliwahi kuona zamani, baada ya vita, vijana waliorudisha silaha wakipewa vyombo vya useremala na ushonaji, na wiki ya pili tukavikuta sokoni vimetandikwa chini, vya bei nafuu. Hawakuwa wajinga. Mtu mwenye njaa na hana mteja atauza nyundo. Mimi nasema mashini zibaki za ushirika mwaka wa kwanza, msichana akodi kwa bei ndogo, na atakayekodi mwaka mzima bila kukosa achukue yake. Wengine hawatakubaliana nami hapa. Mama Prezida mwenyewe anafikiri tofauti, ameniambia, na ana sababu: anaogopa tutagombana juu ya funguo za chumba. Tutazungumza.

Je, wageni wakikataa yote haya na kwenda kijiji kingine? Inawezekana. Nimelala na swali hilo siku nne. Kuna binti wa jirani yangu ambaye ameshanunua daftari na kuandika jina lake juu, akisubiri. Sitaki kuwa mimi niliyemnyima. Lakini nilipokuwa na umri wake nami nilinunua daftari, na hakuna aliyeniambia niulize juu ya muhuri. Mgeni wa kweli, ukimwuliza swali la haki, hachukui mizigo yake akaondoka. Hawa niliozungumza nao, nawaambia kwa haki, walisikiliza, na yule mama wa kwao aliandika. Tuone aliandika nini.

Mkutano ni Jumamosi saa nane mchana, baada ya soko, pale pa siku zote. Watoto wanaonyonya waje. Kila mama au binti mwenye cheti cha mafunzo yoyote, ya ushonaji, sabuni, saluni, kilimo, cha mradi wowote wa mwaka wowote, akitoe sandukuni akilete. Tutavipanga vyote juu ya meza, wageni wakiwepo, tutazame pamoja ni vingapi vina muhuri. Changu kitakuwa cha kwanza.